Asali ya Tabora Isipolindwa Nyumbani, Ugenini Hailindwi

Wafugaji nyuki wa Sikonge na Urambo, mkoani Tabora, wakisikia redioni kwamba Marekani na China zinavutana kuhusu miliki bunifu, yaani haki za kumiliki ubunifu, majina na alama, wengi huona huo ni ugomvi wa simu na mitambo. Ni kweli kwamba Julai 2018, Marekani ilipoanza kutoza ushuru wa asilimia 25 kwa bidhaa za China za thamani ya dola bilioni 34, hoja yake kubwa ilikuwa teknolojia. Lakini kuna ugomvi mwingine, kati ya Marekani na Umoja wa Ulaya, wa majina ya vyakula, na huo unamgusa mwenye mzinga.

Umoja wa Ulaya unashikilia kwamba jina la bidhaa lililojengwa na watu wa mahali fulani ni mali yao. Ndani ya Umoja huo, jibini haiwezi kuuzwa kwa jina la feta isipokuwa imetoka Ugiriki. Marekani haikubali: kwao feta ni aina tu ya jibini, na kiwanda cha Wisconsin kina haki ya kulitumia jina hilo. Kila upande ukifunga mkataba wa biashara na nchi nyingine, huivutia kwake. Mwaka 2020 China ilivutwa na wote wawili. Januari ilisaini na Marekani makubaliano yenye masharti kwamba ulinzi wa majina ya namna hiyo usiwafungie soko Wamarekani. Septemba ikasaini na Umoja wa Ulaya mkataba wa kulinda majina 100 ya kila upande, feta likiwamo.

Tabora haimo katika orodha yoyote ya hizo. Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, unaohusu miliki bunifu na ulioanza kutumika 1995, unasema katika Ibara ya 24 kwamba hakuna nchi inayolazimika kulinda jina la asili ya bidhaa ikiwa jina hilo halilindwi kwao linakotoka. Naomba kipengele hiki kisomwe taratibu. Asali ya miombo inatoka hapa kwa madumu na ndoo bila jina. Mtu akibandika neno Tabora kwenye chupa huko Hamburg, juu ya asali iliyotoka kwingine kabisa, mkataba huo hautupi pa kushika kama sisi wenyewe hatujalilinda.

Tanzania, ikiwa miongoni mwa nchi zenye maendeleo duni, imepewa hadi Julai 1, 2034 kabla ya kubanwa na sehemu kubwa ya mkataba huo. Nafuu hiyo inatuondolea wajibu, haitupi haki. Zanzibar haikusubiri: sheria yake ya mali ya viwandani ya 2008 inataja viashiria vya kijiografia, yaani majina yanayoonyesha mahali bidhaa inakotoka. Bara tunaegemea Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya 1986, iliyotungwa kabla ya TRIPS kuwapo. Kwa maoni yangu hilo ni pengo, na wabunge wa mikoa ya asali wanapaswa kulisemea.

Hata hivyo, sheria iliyopo inaweza kutumika. Ethiopia, ambayo wakati huo haikuwa mwanachama wa Shirika la Biashara Duniani, mwaka 2005 iliomba huko Marekani alama za biashara za kahawa zake za Sidamo, Harrar na Yirgacheffe. Wafanyabiashara wa kahawa wa Marekani walipinga, na mvutano ukawa mkali, lakini mwaka 2007 Starbucks, kampuni kubwa ya kahawa ya Marekani, ikakubaliana na Ethiopia.

Ushirika wa wafugaji nyuki unaweza kuanza na alama yake wenyewe, kupitia BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, ambayo maombi yake hufanyika mtandaoni. Katika mpangilio wa bidhaa unaotumika kusajili alama, asali iko daraja la 30. Chagueni jina mahususi na nembo, kwa sababu neno Tabora peke yake ni vigumu kumilikishwa mtu mmoja. Hakikisheni kwanza kwamba jina hilo halijachukuliwa, na mwombaji awe ushirika, asiwe mwenyekiti. Usajili hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Unailinda alama Tanzania Bara tu. Zanzibar mnaomba upya, na kila soko la nje lina usajili wake.