Namna ya kusoma asilimia za shule ndogo

Kila Julai, buletini, yaani ripoti za pointi za wanafunzi, zikishagawiwa, wazazi hunijia na swali lilelile: mwaka huu mmefaulisha asilimia ngapi? Mimi ndiye ninayetunza rejista na pointi katika shule ndogo ya sekondari ya alasiri komini (mtaa mkubwa wa mji) ya Katuba, hapa Lubumbashi, na swali hilo hunipa kazi. Namba ninayo, ila ikitoka peke yake inadanganya.

Tuanze na hesabu nyepesi. Tuseme Septemba darasa lina wanafunzi 12, na 7 kati yao wana uwezo wa kufaulu. Hiyo ni asilimia 58. Januari wanaondoka watatu katika wale waliolemewa: mmoja anakwenda kwenye mashimo ya madini upande wa Kolwezi, mmoja anaolewa, mwingine minervali, yaani ada ya shule, imemshinda. Julai tunahesabu 7 kwa 9, na asilimia inaruka hadi 78. Hakuna aliyefundishwa vizuri zaidi. Shule imepoteza watoto watatu, na karatasi inaipongeza. Ndiyo maana katika ripoti yangu nagawanya kila mara kwa idadi ya Septemba, hata prefe, mkuu wa shule, akiona namba inashuka. Aliyeondoka bado ni wetu.

Nikipita barabarani nikaona kaliko, bango la kitambaa, juu ya lango la shule yenye maandishi "100% Exetat", yaani wote wamefaulu Mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari, najiuliza jambo moja tu: miaka miwili nyuma, darasa hilo lilikuwa na watu wangapi? Mtihani wa Serikali unahesabu waliokaa kuufanya. Waliochujwa kabla ya kuandikishwa hawaonekani popote.

Sasa, hao wanafunzi ni nani? Kwa njia ya kawaida mtoto huanza shule ya msingi na miaka 6, akamaliza humanite, yaani sekondari ya juu, na 18. Wanafunzi wetu wengi walipitia kituo cha ratrapaji, cha waliochelewa shule, ambako miaka 6 ya shule ya msingi inabanwa kuwa 3. Aliyeingia huko na miaka 14, hata asiporudia darasa hata mara moja, atafika Exetat akiwa na 23. Huyo ni mtu mzima. Ana kodi ya nyumba, pengine ana mtoto, na asubuhi yote anauza makala (makaa) au anabeba mizigo katika soko la Kenya, hapahapa Lubumbashi, kabla ya kuja kukaa kwenye benchi. Shule ya msingi ya umma ni bure tangu 2019, lakini sekondari bado inalipiwa, na kwetu mara nyingi anayelipa ni mwanafunzi mwenyewe.

Fomu ya takwimu ya serikali, ST3, inataka umri na jinsia kwa kila darasa. Ni nzuri, naijaza kwa makini. Ila mimi nina daftari la pembeni lenye safu nyingine: anaishi na nani, ana mtoto, anafanya kazi gani na saa ngapi, nyumbani wanasema Kiswahili au Tshiluba au Kibemba, alikaa miaka mingapi nje ya shule. Safu ya lugha ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, maana sekondari yote ni Kifaransa. Kijana anayepiga hesabu za bei kichwani kwa kasi ya ajabu anaweza kupata 3 kwa 10 katika hesabu kwa sababu tu hakuelewa swali.

Lakini kilichonifundisha zaidi ni namna buletini yenyewe inavyojengwa. Chukua somo lenye maksima 10, yaani pointi 10 za juu kabisa kwa kipindi. Kipindi cha kwanza ni 10, cha pili 10, egzameni 20: semesta moja ni 40, mwaka mzima ni 80. Mwaka jana tulikuwa na msichana mmoja ambaye daftari la pointi lilimwonyesha 6 kwa 10 karibu kila mahali. Mwanafunzi wa asilimia 60, bila shaka. Mwishoni mwa Novemba mstari wake katika rejista ukaanza kujaa alama za kukosa, na ikawa hivyo hadi mwanzo wa Februari. Aliporudi alisimama mlangoni na mtoto mgongoni, akasema, "Mwalimu, mutoto alikuwa mugonjwa." Hakuongeza neno.

Nilikaa na kalamu. Kipindi cha pili sifuri, egzameni ya kwanza sifuri: amepoteza pointi 18. Hata akiendelea na 6 yake mwaka mzima, Julai atakuwa na 30 kwa 80, yaani 37.5. Buletini ingeandika kwamba anarudia darasa, na kila atakayeisoma angedhani hana akili. Miezi miwili na nusu ya mtoto mgonjwa ingegeuka kuwa hukumu juu ya kichwa chake. Jambo hilo liliniuma, na bado linaniuma, kwa sababu najua kabla yake wamepita wengine ambao sikuwafanyia hesabu hii.

Nilimpelekea prefe karatasi mbili: moja ya pointi, nyingine ya safu zangu za pembeni. Nikamwambia, "Papa prefe, hatuombi huruma, tunaomba apimwe." Walimu wakakubali kumpa egzameni ya semesta ya kwanza Jumamosi nne mfululizo, asubuhi. Kipindi cha pili hakikuweza kurudishwa.

Alifanya mitihani ile mtoto akiwa amelala juu ya kitenge chini ya ubao, na mwalimu wa zamu akimpungia nzi kwa daftari. Akapata 12 kwa 20 katika hesabu. Mwisho wa mwaka 42 kwa 80, asilimia 52.5. Kwenye ripoti yangu amehesabiwa miongoni mwa wale wa Septemba, na mwaka huu yuko darasa linalofuata.