Kufunga kizazi ukiwa huna pesa: maswali ya kina mama wa Unguja na Pemba

Nina watoto saba, sitaki tena. Kufunga kizazi ni shilingi ngapi?

Katika hospitali za serikali, huduma za uzazi wa mpango hutolewa bure, na kufunga kizazi ni moja ya huduma hizo. Ukidaiwa pesa ya operesheni, usilipe wala usigombane. Omba kuonana na daktari dhamana, yaani mkuu wa hospitali.

Kinachomshinda mama mnyonge hasa ni mambo ya pembeni. Atokaye Kojani au Kisiwa Panza ana nauli ya chombo, kisha gari, kisha nauli ya anayemsindikiza. Kuna chakula, kuna wa kumuachia watoto, na kuna siku za kazi zitakazopotea. Hiyo ndiyo gharama ya kupangia, na inapunguzika.

Anzia kituo cha afya kilicho karibu nawe. Wao hawafungi kizazi, kwa sababu kazi hiyo inataka chumba cha operesheni na mtu aliyeisomea, lakini wanaweza kukupima damu na presha, kukupa ushauri na kukuandikia barua. Muombe muuguzi apige simu hospitali, iwe Wete, Chake Chake, Abdalla Mzee ya Mkoani, Kivunge au Mnazi Mmoja, aulize siku ambayo mfungaji yupo. Mama kupanda gari alfajiri, akafika akaambiwa arudi wiki ijayo, ni nauli iliyotupwa.

Njia rahisi kuliko zote ni kuunganisha na uzazi. Ukijifungulia hospitali unaweza kufungwa ndani ya siku 7 za mwanzo, na ukizaa kwa operesheni hufungwa hapo hapo kabla tumbo halijashonwa. Baada ya siku 7 husubiriwa mpaka wiki 6 zipite. Ila lisemwe mapema, kliniki ya wajawazito. Uamuzi huu haufanywi uchungu umeshashika, na mtu akikupa karatasi ya kutia saini wakati huo una haki ya kukataa.

Huchanwa tumbo zima?

La. Kidonda ni kidogo, sentimita chache tu, juu kidogo ya kinena, au chini ya kitovu kama umejifungua karibuni. Mara nyingi hutumika sindano ya ganzi, uko macho na unaongea. Daktari huivuta mirija miwili inayopitisha yai, akaifunga na kuikata. Kizazi chenyewe hakiguswi. Kwa kawaida unarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Kazi yangu ni mwani. Nitakaa siku ngapi?

Siku 2 za kulala na kupumzika, na wiki nzima bila ya kubeba kizito. Gunia la mwani mbichi ni kizito, ndoo ya maji pia. Usiingie baharini mpaka kidonda kifunge, na tendo la ndoa liache kwa wiki 1 angalau, hadi maumivu yaishe.

Kwa hiyo tazama mwezi kabla ya kupanga siku. Bamvuu, yaani siku maji yanapokupwa sana, likimalizika, maji mafu yasiyokupwa sana yakaingia, huna la kufanya shambani kwa siku kadhaa. Hapo ndipo pa kwenda hospitali. Ukijipeleka bamvuu likianza, utajikuta unarudi pwani na nyuzi tumboni.

Kidonda kikitoa usaha, ukipata homa, au tumbo likiuma na maumivu yanazidi badala ya kupungua, rudi hospitali siku hiyo hiyo.

Nikifungwa, damu ya mwezi itakwenda wapi?

Itatoka kama kawaida. Haitoki kwenye mirija, inatoka kwenye kizazi. Yai linalozuiliwa ni dogo kuliko chembe ya mchanga, na mwili hulinyonya. Hamu ya tendo la ndoa haiondoki. Wapo wanaosema imezidi, kwa kuwa hofu ya mimba imekwisha.

Na dini?

Hili wengi huliuliza, nasi si mashehe, kwa hiyo tunanukuu tu. Baraza la kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Kuwait mwaka 1988, lilisema haifai kuuondoa kabisa uwezo wa kuzaa wa mwanamume au mwanamke isipokuwa kwa dharura inayokubalika kisheria. Kupanga kwa muda liliruhusu, kwa sharti wanandoa washauriane na kuridhiana, na njia isiwe na madhara. Kama una makovu ya operesheni kadhaa, maradhi ya moyo, au kizazi kiliwahi kupasuka, muombe daktari akueleze hatari yako kwa maandishi, kisha uende nayo kwa shehe unayemwamini au Ofisi ya Mufti. Kwenda na maandishi ni bora kuliko kwenda na “nimechoka kuzaa”, hata kama kuchoka nako ni kweli.

Nina miaka 25 na watoto wanne. Nifunge?

Fikiri tena. Sikukatazi. Utafiti mkubwa wa Marekani uliowafuata wanawake kwa miaka 14 ulikuta waliofungwa wakiwa na miaka 30 au chini yake, karibu 1 kati ya 5 walijuta. Waliofungwa baada ya umri huo ni kama 1 kati ya 17. Na sisi tunajuana: leo una mume, kesho talaka, kesho kutwa unaolewa na asiye na mtoto. Kufungua mirija ni operesheni kubwa, ya ghali, na mara nyingi haileti mimba.

Zipo njia nyingine: kitanzi cha shaba, kinachowekwa ndani ya kizazi, hukaa miaka 10 au zaidi, na kinga yake inakaribiana sana na ya kufunga. Kijiti cha mkononi hukaa miaka 3 hadi 5 kwa kutegemea aina. Vyote viwili ni bure, havina operesheni, na siku ukibadili nia vinatolewa. Kwa mwenye nauli ya tabu, kitanzi kilichowekwa mara moja kinashinda sindano ya kila miezi 3. Wala hakuna njia kati ya hizi inayokinga Virusi vya UKIMWI. Kwa hilo kondomu.

Mume akikataa?

Zungumza naye, ukiweza mwende pamoja kwa mshauri. Lakini mwili ni wako, na Shirika la Afya Duniani linasema ridhaa inayohitajika ni ya mwenyewe anayefungwa. Vile vile hakuna mume, daktari wala mama mkwe anayeweza kukulazimisha ufungwe.

Na kama ni yeye anayesema watoto wametosha, mwambie wanaume nao hufungwa. Kwao ni kazi nyepesi na salama zaidi. Ila huchukua miezi 3 kabla ya kuitegemea.

Nilifungwa miaka mitatu nyuma, na sasa siku zangu zimechelewa.

Nenda ukapime mimba leo, usingoje mwezi upite. Katika wanawake 100 waliofungwa, kiasi cha 2 hushika mimba ndani ya miaka 10. Ikitokea, kuna uwezekano mkubwa zaidi wa mimba kukaa kwenye mrija badala ya kwenye kizazi, nayo huweza kupasua mrija na kukumwagia damu ndani. Ukiwa na maumivu makali upande mmoja chini ya tumbo, kizunguzungu, au maumivu ya bega usiyoyaelewa, kituoni usipoteze muda. Kodi gari mpaka hospitali yenye chumba cha operesheni, hata iwe usiku, na ukifika tu waambie: nilifungwa kizazi.