Kwa Nini Saratani ya Tezi Dume Huwapata Watu wa Asili Fulani Zaidi ya Wengine?

Takwimu za England za mwaka 2008 hadi 2010 zilionyesha kwamba mwanamume mzungu mmoja kati ya wanane hugunduliwa kuwa na saratani ya tezi dume katika maisha yake. Kwa wanaume weusi ni mmoja kati ya wanne. Kwa wenye asili ya Asia ni mmoja kati ya 13. Hawa wote wanaishi nchi moja na wanatibiwa na mfumo mmoja wa afya ya umma. Tofauti kubwa namna hii inatoka wapi?

Sehemu ya jibu imo katika damu ya ukoo. Saratani ya tezi dume ni miongoni mwa saratani zinazorithiwa zaidi. Uchunguzi wa pacha zaidi ya 200,000 wa Denmark, Finland, Norway na Sweden, uliochapishwa mwaka 2016, ulilinganisha pacha wanaofanana na wasiofanana. Ukakadiria kwamba takriban asilimia 57 ya tofauti ya hatari kati ya mtu na mtu inatokana na urithi. Tusiisome vibaya namba hiyo. Haisemi kwamba wagonjwa 57 kati ya 100 walirithi saratani. Inasema kwamba ukiuliza kwa nini katika jamii ile huyu ana hatari kubwa na yule ana ndogo, zaidi ya nusu ya maelezo imo katika vinasaba.

Vinasaba hivyo vya hatari ni vya aina mbili: vichache vyenye nguvu kubwa, na vingi vyenye nguvu ndogo.

Katika vile vyenye nguvu, jeni iitwayo HOXB13 inafundisha mengi. Mwaka 2012 watafiti waliochunguza familia zenye wagonjwa wengi waligundua kwamba baadhi ya wanaume walikuwa na badiliko la herufi moja tu ya DNA (maandishi ya kikemikali yanayobeba urithi) katika jeni hiyo, linalogeuza kiungo cha 84 katika mnyororo wa asidi amino unaounda protini yake. Mwenye badiliko hilo hatari yake hupanda mara kadhaa. Lakini ukilitafuta duniani utalikuta zaidi kaskazini mwa Ulaya, hasa Finland na Sweden, na kwa watu wa asili nyingine ni nadra mno. Je, wengine wamesalimika? La. Nchini China lilipatikana badiliko jingine, kwenye kiungo cha 135. Japani likapatikana la kiungo cha 132. Na kwa wanaume wenye asili ya Afrika Magharibi limeonekana badiliko la namna yake: herufi moja imedondoka mwishoni mwa jeni, alama ya kumaliza ujumbe haisomeki tena, na protini inarefuka kuliko inavyotakiwa. Jeni ni ileile moja, makosa ni tofauti, na kila kosa lina nchi lilikoanzia. Kipimo kinachotafuta lile kosa la Ulaya pekee kitamwambia mtu wa Dakar au wa Tokyo kwamba yuko salama, kumbe hakikuangalia mahali pake.

Jeni ya BRCA2 nayo wengi wameisikia kwa sababu ya saratani ya matiti. Kazi yake ni kusaidia kurekebisha DNA inapokatika nyuzi zote mbili. Mwanamume aliyerithi BRCA2 iliyoharibika huwa katika hatari kubwa zaidi ya saratani ya tezi dume, na mara nyingi ni ile kali inayosambaa upesi. Huko Iceland kuna kosa moja la BRCA2 lililoenea kutoka kwa babu wa zamani, na Wayahudi wa Ashkenazi, wenye mababu wa Ulaya ya Kati na Mashariki, wana lao.

Hata hivyo makosa haya makubwa ni nadra, hayawezi kueleza ile namba ya mmoja kati ya wanne. Sehemu kubwa zaidi ya maelezo imo katika vile vinasaba vingi vidogo. Mwaka 2023 jopo la kimataifa lililokusanya takwimu za wagonjwa zaidi ya 156,000 wa asili mbalimbali lilitaja mahali 451 kwenye DNA ambapo herufi moja badala ya nyingine huongeza au kupunguza hatari. Kila moja huongeza kidogo tu, haitoshi kumfanya mtu augue. Lakini mtu hubeba mamia yake kwa pamoja, na ukizijumlisha unapata alama ya hatari. Katika uchambuzi wa awali wa 2021, uliotumia mahali 269, wastani wa alama hiyo kwa wanaume wenye asili ya Afrika ulikuwa mara 2.18 ya ule wa wenye asili ya Ulaya. Kwa wenye asili ya Asia Mashariki ulikuwa mara 0.73.

Mahali panapoeleza mengi zaidi ni kwenye mkono mrefu wa kromosomu ya 8 (kromosomu ni vifurushi vya DNA ndani ya seli), panapoitwa 8q24. Paligunduliwa mwaka 2006 kwa njia mbili tofauti. Timu moja ilianzia Iceland. Nyingine ilitumia mbinu ambayo mimi naiona kuwa ya akili sana. Wamarekani weusi wengi wana mababu wa Afrika na wa Ulaya pia, hivyo kromosomu zao zina vipande vya asili zote mbili, vimepangana kwa zamu. Watafiti wakauliza: kwa wagonjwa, kuna sehemu yoyote ambapo vipande vya Afrika vimezidi kuliko kwingine kote katika DNA zao? Jibu likawa 8q24.

La kushangaza, sehemu hiyo karibu haina jeni ya kutengeneza protini. Kwa hiyo inaleta vipi saratani? Jirani yake ni jeni iitwayo MYC, inayoziamrisha seli zikue na kugawanyika. Ndani ya 8q24 mna vipande vya DNA vinavyofanya kazi kama swichi. DNA hujikunja ndani ya seli, swichi ikagusana na MYC iliyo mbali kidogo, na MYC ikawaka. Herufi moja tofauti kwenye swichi inaweza kuifanya MYC ya seli za tezi dume iwake zaidi. Moja ya herufi hizo za hatari hubebwa na takriban mwanamume mmoja kati ya wanane wenye asili ya Afrika, na huongeza hatari yake karibu mara mbili. Nje ya watu wa asili hiyo ni adimu sana.

Kwa nini herufi zigawanyike hivyo? Binadamu waliotoka Afrika kwenda kuijaza dunia, yapata miaka 60,000 iliyopita, walikuwa wachache, na walibeba sehemu tu ya wingi wa vinasaba uliokuwapo barani. Baada ya hapo vikundi vikatengana, na kwa bahati tu herufi moja ikazidi huku na kutoweka kule. Tena saratani hii huja uzeeni, mtu akiwa amekwisha kuzaa. Maumbile hayapati nafasi kubwa ya kuiondoa herufi ambayo madhara yake yanaonekana baada ya watoto kuwa watu wazima.

Hapa ndipo pa kuwa waangalifu. Asili ya mtu si hukumu. Wajapani waliohamia Marekani na kuzaa huko walionekana kuugua zaidi ya Wajapani waliobaki kwao, ilhali vinasaba havibadiliki kwa kizazi kimoja. Mazingira na namna watu wanavyopimwa vinahusika. Na zile takwimu za England zina jambo ambalo halitajwi vya kutosha: kati ya waliogunduliwa kuwa na ugonjwa, takriban theluthi moja walitarajiwa kufa kwa ugonjwa huo, wawe weusi, wazungu au wa Asia. Weusi waliugua zaidi, lakini ugonjwa haukuonekana kuwaua zaidi mara ukishagunduliwa. Marekani, ambako kiwango cha vifo vya saratani hii kwa wanaume weusi ni karibu mara mbili ya kile cha wazungu, kucheleweshwa na kukosa matibabu sawa kuna mchango ambao hakuna jeni itakayoueleza.

Linaloniuma ni kwamba waliobeba mzigo mkubwa ndio waliochunguzwa kidogo. Mahali pengi kati ya yale 451 palipatikana kwa watu wa asili ya Ulaya, kwa hiyo alama hutabiri vizuri zaidi kwao. Katika uchambuzi wa 2021, mzungu aliye katika asilimia 10 ya juu ya alama alikuwa na hatari takriban mara 5 ya mzungu mwenzake mwenye alama ya kati. Kwa mwenye asili ya Afrika ilikuwa mara 3.7, pengine kwa kuwa herufi zake nyingi bado hazijapatikana. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotoa matokeo mwaka 2025, ukitumia mate kupima herufi 130, ulihusisha wanaume wa asili ya Ulaya pekee.

Kwa sasa, historia ya familia inaeleza mengi ambayo neno "asili" kwenye fomu haliwezi. Na familia ni pande zote mbili. Mama hana tezi dume, lakini anaweza kumpa mwanawe BRCA2 iliyoharibika, kwa hiyo saratani ya matiti au ya ovari kwa mama, shangazi au bibi ni habari ya kumweleza daktari. Mwongozo wa madaktari wa mfumo wa mkojo wa Ulaya unapendekeza mwanamume aliyeelezwa faida na madhara ya kipimo cha PSA (kipimo cha damu cha protini inayotengenezwa na tezi dume) aanze kukifikiria akiwa na miaka 50; kwa mwenye asili ya Afrika au mwenye ugonjwa huu katika familia ni miaka 45, na kwa aliyerithi kosa la BRCA2 ni 40. Aliyekwisha kuugua naye ananufaika na kipimo cha jeni: tangu 2020 dawa ya olaparib imeidhinishwa Marekani kwa baadhi ya wenye saratani iliyosambaa na kasoro hiyo ya kurekebisha DNA, na binti zake watajua mapema kama nao wapimwe.