Je, wajua kwa nini pilipili hutuliza miguu inayowaka baada ya tibakemikali?

Mgonjwa wa saratani aliyetibiwa kwa dawa kama paklitakseli, oksaliplatini au vinkristini anaweza kubaki na miguu inayowaka usiku kucha kama aliyekanyaga makaa, huku nyayo zikiwa na ganzi. Dawa hizo hudhuru pia mishipa ya fahamu, na madhara huanzia vidoleni kwa kuwa mishipa inayofika huko ndiyo mirefu kuliko yote.

Ukali wa pilipili ni kapsaisini. Kwenye ncha za mishipa inayohisi maumivu kuna kipokezi kiitwacho TRPV1, kinachoshtuka joto likipita nyuzi 43 hivi. Kapsaisini hukishtua bila moto wowote. Ndiyo maana mdomo huwaka hata kama chakula kimepoa. Mwanasayansi Mmarekani David Julius alikigundua mwaka 1997 kwa kutumia kapsaisini hiyohiyo, na mwaka 2021 akapata Tuzo ya Nobel. Kapsaisini ikiwa nyingi, kalsiamu hufurika ndani ya ncha hizo hadi zinachoka na kunywea. Baadaye huota tena, na maumivu huweza kurudi.

Hospitalini hutumika plasta yenye kapsaisini asilimia 8. Mhudumu huvaa glavu za nitrili, maana za mpira wa kawaida hazimkingi vya kutosha, kisha huibandika kwenye ngozi nzima isiyo na kidonda: miguuni dakika 30, kwingineko dakika 60. Shinikizo la damu hupimwa, kwani ule mwako huweza kulipandisha. Kwa kawaida plasta hairudiwi kabla ya miezi 3. Krimu ya asilimia 0.075 ni hafifu zaidi. Hupakwa mara 3 au 4 kwa siku kwa wiki kadhaa. Siku za mwanzo miguu huwaka zaidi, na wengi huiacha hapo, kabla haijafanya kazi.

Tafadhali usisage pilipili ukajipaka nyumbani. Hujui ina kapsaisini kiasi gani, na mguu wenye ganzi hautakwambia kwamba ngozi inababuka. Ikikugusa kwa bahati mbaya, paka mafuta ya kupikia, futa, kisha osha kwa sabuni na maji ya baridi. Ya moto huchochea mwako. Na ganzi yenyewe pilipili haiondoi, hutuliza maumivu tu.

Mitishamba ya kunywa ni jambo jingine kabisa. Japani walijaribu goshajinkigan, mchanganyiko wa dawa 10 za asili, ili kuzuia madhara ya oksaliplatini kwenye mishipa ya fahamu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulisitishwa njiani: waliopata madhara hayo kwa kiwango cha 2 (cha wastani) au zaidi walikuwa asilimia 50.6 kati ya walioinywa, na 31.2 kati ya waliopewa dawa bandia ya kulinganishia. Kwa hiyo mwonyeshe daktari wa saratani kila unachokunywa, hata kama ni majani ya bustanini. Kwa maumivu haya kuna pia kidonge cha duloksetini, ambacho ndicho pekee kilichopendekezwa na chama cha madaktari wa saratani cha Marekani, ASCO, mwaka 2020.

Wakati miguu bado ina ganzi, pima maji ya kuoga kwa kiwiko, na kila jioni kagua nyayo kwa kioo kidogo.