Chumvi au presha: ubongo huokoa kipi kwanza?

Katika kliniki ya figo nasikia sana kwamba kiu ni ukavu wa koo. Koo lina sehemu yake, ila amri yenyewe hutoka ubongoni. Ndani na kandokando ya hipothalamasi, sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, zimo seli zinazoonja damu usiku na mchana. Chumvi ikikolea kwa asilimia 1 au 2 tu, seli hizo husinyaa, na kusinyaa huko ndiko kunakozifanya zipige mbiu.

Mbiu hiyo huamsha kiu. Wakati huohuo huifanya tezi ya pituitari imwage vasopresini, homoni inayotengenezwa hipothalamasi na kuhifadhiwa nyuma ya tezi hiyo. Ikifika kwenye figo, kuta za mifereji ya mwisho hupata vijitundu vya protini viitwavyo akwaporini, na maji yaliyokuwa yakielekea kibofuni hurudi kwenye damu. Ugunduzi wa akwaporini ulimpa Peter Agre Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003. Aliyefunga Ramadhani anaujua mkojo wa alasiri: kidogo, wa njano iliyokoza. Hiyo ni kazi ya vasopresini. Asiyekuwa nayo kabisa anaweza kukojoa zaidi ya lita 10 kwa siku.

Presha ina walinzi wake, kwenye kuta za mishipa mikubwa ya shingo na kifua. Hawa si wepesi kama wale wa chumvi. Hungoja hadi damu ipungue kwa asilimia 5 hadi 10. Lakini wakishaamka, ubongo huwasikiliza wao kwanza. Vasopresini humwagwa kwa wingi hata kubana mishipa, na figo nazo hutoa kimeng'enya kiitwacho renini, kinachozalisha homoni ya angiotensini, ambayo hubana mishipa na kuzidisha kiu.

Hapa ndipo penye hatari ninayotaka kila mzazi aielewe. Mtu anayeharisha sana hupoteza maji pamoja na chumvi. Ukimpa maji matupu, chumvi ya damu huzidi kuzimuka. Kwa kawaida vasopresini ingekoma na figo zikatoa maji ya ziada. Ila damu bado ni pungufu, kwa hiyo ubongo huendelea kutoa vasopresini na maji hubaki mwilini. Chumvi ikishuka mno, ubongo huvimba. Mgonjwa huchanganyikiwa, hata kupata degedege. Ndiyo maana ndugu huniuliza, "Daktari, mbona anakunywa sana na bado analegea?"

ORS, ile dawa ya unga wa chumvi na sukari inayochanganywa na maji, hufaa kwa sababu sukari yake huisaidia chumvi kupita kwenye utumbo, na chumvi huvuta maji hadi kwenye damu. Damu ikijaa, walinzi wa presha hutulia na vasopresini hupungua. Changanya pakiti nzima na kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake, bila kuongeza chochote, umnyweshe kidogo kidogo. Wazee msiwasubiri waseme wana kiu, maana hisia hiyo hufifia kwa umri. Aliyechanganyikiwa au anayeshindwa kunywa apelekwe hospitali saa hiyohiyo.