Marekebisho ya 61 ya Colorado: ubishi ulikuwa kwenye miaka

Nikiwaambia watu kwamba wapiga kura wa jimbo la Colorado walikataa kubana mikopo ya serikali zao za mitaa, hushangaa. Nani asiyependa kufunga mkoba wa mwanasiasa? Lakini Novemba 2010, hoja ya kubadili katiba ya jimbo iliyoitwa Marekebisho ya 61 ilipopigiwa kura, karibu asilimia 73 walisema hapana. Mimi hesabu za mikopo ya umma ndiyo kazi yangu, na sikushangaa.

Kuomba ridhaa ya wananchi hakukuwa jambo geni kule. Tangu 1992, katiba ya jimbo inataka deni la zaidi ya mwaka mmoja lipigiwe kura kwanza. Kilichouma ni sharti la hoja hiyo kwamba mkopo ulipwe wote ndani ya miaka 10.

Tupige hesabu. Wilaya ya shule, yaani mamlaka inayoendesha shule za eneo, inakopa dola milioni 20 kwa riba ya asilimia 5. Ikilipa kwa miaka 25, marejesho ni kama milioni 1.42 kwa mwaka. Kwa miaka 10, yanaruka hadi milioni 2.59. Ni kweli riba yote inashuka, kutoka milioni 15.5 hivi hadi 5.9, na waliounga mkono hoja walikuwa na haki ya kulisema hilo. Ila madarasa yatatumika miaka 50. Mkazi wa leo abebe mzigo wote, na atakayehamia mwaka wa 11 alete wanawe bila kuchangia hata senti?

Halafu kuna ukomo wa deni: asilimia 10 ya thamani ya kutozwa kodi ya ardhi na majengo ya eneo husika. Hapa wengi walidhani ni bei ya sokoni. Siyo. Nyumba ya dola 200,000 ilihesabiwa wakati ule kwa asilimia 7.96 tu, yaani 15,920, kwa hiyo ingeweza kubeba deni la dola 1,592 basi.

Kipengele kimoja nilikipenda, nakiri: mkopo usipewe jina jingine. Serikali hujenga kwa pesa za wawekezaji, zikajifanya wapangaji wa mwaka hadi mwaka, na kisheria hilo halihesabiwi deni. Ujanja wa zamani.

Lakini palepale walioiandika hoja waliongeza kwamba deni likiisha, viwango vya kodi vishuke kwa kiasi cha wastani wa marejesho ya mwaka, hata kama deni lenyewe halikulipwa kwa kodi.