Anayependa kote kote, na filamu inayomlazimisha achague

Katika madarasa yangu ya uchambuzi wa filamu hapa Arusha kuna mhusika mmoja ambaye wanafunzi humkataa hata kabla sijamaliza kumweleza: mwanaume anayevutiwa na wanawake na pia na wanaume wenzake. Shoga wanamwelewa, hata kama hawamkubali. Mwanaume wa wanawake hana maswali. Huyu anayeitwa baiseksho ndiye wanayesema hayupo. Ni muongo, au ni shoga anayejificha nyuma ya mke, au ni mhuni asiyeshiba. Ninaandika haya kwa sababu sehemu kubwa ya fikra hiyo hatukuitunga sisi. Imetufikia kupitia skrini, na nadhani tuna haki ya kujua imejengwaje.

Imejengwa kwa hesabu isiyo sawa. Mwanaume wa kwenye filamu akipenda wanawake kumi, kisha akampenda mwanaume mmoja, wale kumi wanafutwa. Watazamaji wanaambizana kwamba kumbe siku zote alikuwa hivyo. Akimaliza hadithi akiwa na mke, yule mwanaume anafutwa naye, inakuwa ni ujana ulimpitia. Kwa maneno mengine, anahukumiwa kwa yule aliyekaa naye dakika ya mwisho. Na filamu hupenda mwisho wenye mtu mmoja, kwa hiyo karibu kila mara mhusika huyu hutoweka kabla taa hazijawashwa.

Mfano mzuri kuliko yote ni wa mtu tuliyemzaa wenyewe. Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza, alizaliwa Unguja mwaka 1946, jina lake Farrokh Bulsara. Aliishi na Mary Austin kwa miaka kadhaa kama mchumba wake, akamtungia wimbo, na alipofariki mwaka 1991 alimwachia nyumba yake ya London. Pia aliwapenda wanaume, na Jim Hutton alikuwa naye mpaka siku ya mwisho. Sasa itazame filamu ya maisha yake, Bohemian Rhapsody ya mwaka 2018. Kuna tukio ambapo Freddie anamwambia Mary kwamba anadhani yeye ni baiseksho. Mary anamjibu: Freddie, wewe ni shoga. Angalia inavyopangwa. Yeye anasema kwa kusitasita, Mary anajibu kwa uhakika wa mtu aliyekwisha kujua siku nyingi, na filamu haimrudishii Freddie neno lake tena. Barbara Valentin, mwigizaji wa Austria aliyekuwa karibu naye sana alipokuwa Munich miaka ya 1980, hayumo kabisa, na kuwapo kwake kungeharibu hesabu.

Nilipowaonyesha wanafunzi tukio hilo, kijana mmoja alisema, "Mwalimu, si umeona? Alikuwa anamzuga tu yule dada." Nikamuuliza, mtu anayezuga humwachia mtu nyumba? Akanyamaza kidogo, kisha binti aliyekaa nyuma yake akasema, "Labda alimpenda kweli, na hao wengine pia." Darasa zima lilicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu alikuwa amesema jambo ambalo filamu ya saa mbili na zaidi ilishindwa kulisema. Sisi nasi hatujamtendea mtoto wetu vizuri zaidi: mwaka 2006 sherehe iliyopangwa Zanzibar kukumbuka miaka 60 tangu azaliwe ilifutwa baada ya kundi la Kiislamu la Uamsho kuipinga.

Magazeti nayo yamechangia. Miaka ya 1980, UKIMWI ulipoingia, mwanaume huyu alichorwa huko Magharibi kama daraja la kupitishia virusi kutoka kwa mashoga hadi kwa mama wa nyumbani. Mwaka 2004 Oprah Winfrey alimleta kwenye kipindi chake cha televisheni mwandishi J. L. King kuzungumzia wanaume weusi wa Marekani wanaolala na wanaume kwa siri huku wameoa, na hofu ileile ikapata sura mpya. Mwaka uliofuata likaja pigo lililovaa koti la sayansi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern cha Marekani, akiwemo Michael Bailey, walipima msisimko wa mwili wa wanaume waliosema wanavutiwa na jinsia zote mbili, wakasema hawakuuona ule mvuto wa pande mbili. Gazeti la New York Times likaweka kichwa cha habari kinachouliza kama hawa ni wa wanawake, ni mashoga, au wanadanganya.

Mwaka 2011 chuo hichohicho kilirudia kipimo kwa kuchagua washiriki kwa makini zaidi, na mvuto wa pande mbili ukaonekana. Mwaka 2020 Bailey mwenyewe alikuwa miongoni mwa waandishi wa makala iliyokusanya takwimu za tafiti kadhaa na kukubali kwamba ushahidi upo, tena thabiti. Kile kichwa cha habari cha 2005 bado kinanukuliwa mpaka leo, lakini sijawahi kukutana na mtu mtaani anayeijua makala ya 2020.

Wanawake wana tatizo lao. Kwenye televisheni ya Marekani wahusika wa kike wanaopenda jinsia zote mbili ni wengi kuliko wa kiume, lakini mara nyingi wamewekwa ili mtazamaji mwanaume astarehe. Hilo linahitaji makala yake.

Huku kwetu mhusika huyu hupotea kwa njia nyingine. Kwenye vichekesho vyetu kuna mwanaume wa kulegeza mkono na kubana sauti, watu wanacheka, basi. Kwenye banda umiza kuna mtafsiri. Nimewahi kukaa kwenye banda moja Ngarenaro nikisikiliza sizoni iliyotafsiriwa. Kijana mpiganaji alimshika mwenzake uso kwa mikono miwili na kumbusu, na sauti ya mtafsiri ikasema bila kupoteza pumzi: "Hapa anamuaga ndugu yake wa tumbo moja, anamwambia vita ni vita." Dakika chache baadaye kijana yuleyule akaingia chumbani na mwanamke, na mtafsiri akaeleza kila kitu. Ukumbi mzima uliondoka ukimjua nusu. Simlaumu mtafsiri, anafanya biashara katika nchi ambayo kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, tangu marekebisho ya 1998, kinatoa adhabu ya kuanzia miaka 30 hadi maisha kwa tendo lenyewe. Katika hali hiyo ni nani atasimama kujieleza kwa sauti yake? Ndiyo maana picha ya skrini ina nguvu kubwa kwetu: haina mtu wa kuipinga.

Hata watazamaji wanaojiona marafiki wa watu hawa hufanya hesabu ileile. Kit Connor, anayeigiza kijana baiseksho kwenye tamthilia ya Heartstopper iliyoanza 2022, alipigwa picha akiwa ameshikana mkono na mwanamke. Mashabiki wakamshambulia kwamba anawadanganya. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huo, akiwa na miaka 18, aliandika kwamba yeye ni baiseksho na kwamba wamemlazimisha kusema.

Nikitafuta mhusika aliyeachwa awe mzima, humwonyesha Darryl wa tamthilia ya Marekani ya Crazy Ex-Girlfriend. Ni bosi wa ofisi ya mawakili, wa makamo, ana sharubu na binti anayemlea. Anawatangazia wafanyakazi wake kwa wimbo mzima. Anakuwa na mpenzi wa kiume kwa muda mrefu, wanaachana kwa sababu yeye anataka mtoto mwingine na mwenzake hataki, jambo linalowatenganisha wapenzi wengi. Baadaye anaishia na mwanamke. Hakuna anayesema amepona, na yule mpenzi wa kwanza anabaki kuwa mtu aliyempenda.